Mshipi Mweusi

Mke wa Chubwi alijua kwamba mshipi umekatika tena kabla mlango haujafunguliwa. Alimsikia mumewe hapo nje akivua kiatu kimoja, kisha kimya, kisha cha pili. Mtu aliyerudi na samaki havui viatu kwa namna hiyo. Anaingia navyo ndani pamoja na matope yake, na hakuna wa kumwuliza.

Chubwi aliingia, akaketi, akaweka mezani kipande cha nailoni kilichobaki, ncha yake imechubuka. Alisema umekatikia palepale, kwenye visiki. Bwawa lile lilichimbwa mahali palipokuwa na miti, na miti ile ilikatwa kwa haraka, kwa hiyo chini ya maji kuna visiki vilivyosimama bado, na kambare wakubwa wanajua kila kimoja kilipo. Ukimnasa mmoja, hakimbilii kwenye kina. Anakimbilia kwenye kisiki, anazunguka, anakuachia ncha.

"Umekula?" mkewe alimwuliza, maana alikuwa amechoka kuuliza mengine.

Hakuwa na njaa. Alikuwa na hasira, tena ile mbaya isiyo na mtu wa kumwangukia. Wavuvi wenzake walimpa jina la Chubwi, kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili uzame, kwa sababu alikuwa mzito wa maneno na akishakaa ukingoni hainuki. Lakini kuhusu mshipi, jamani, huyo mtu mzito alikuwa na hotuba. Nailoni nyembamba samaki haioni, alisema, ila kisiki kinaila kama panya. Ukichukua nene, ina nguvu, lakini ikikaa kwenye gurudumu la kuizungushia inajikunja, ukiitupa majini inabaki na pindi zake, na kambare aliyezeeka si mjinga wa kuogelea kwenye pindi. Halafu nailoni zote zinavutika. Samaki anapokimbia, unavuta mpira, huvuti samaki. Dawa ni mshipi wa kusukwa, ule wa nyuzi nyingi ndogo, mwembamba lakini haukatiki ovyo wala hauvutiki. Na uwe mweusi, maana maji ya bwawa ni meusi.

Mkewe angeweza kuisoma hotuba hiyo kwa kuanzia mwisho. Alikuwa msusi, anasuka watu pale pale barazani, na wateja wake nao walikuwa wameishika. Aliwaambia mshipi umekuwa mke mwenzake, tena mke mdogo, anayesifiwa kutwa na wala hapiki. Walicheka, naye alicheka nao, ingawa moyoni hakuona cha kuchekesha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mpishi wa hoteli iliyo juu ya bwawa alikuwa amemwambia Chubwi kwamba wenye nyavu wanamletea vitoto vya samaki tu, na yeye anataka kambare mzima wa kujaza sinia, mmoja kila wiki. Niletee wa kwanza nimwone, alisema, nami nitakuwa nachukua kwako tu. Tangu siku hiyo Chubwi alikuwa amewanasa wakubwa kadhaa na hakumtoa hata mmoja. Upande wa pili alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mkewe, msimamizi wa walinzi kwenye ghala la saruji mjini. Huyo watu walimwita Pasi, kwa jinsi nguo zake zilivyonyooka. Pasi alikuwa amemshikia Chubwi nafasi ya kukaa getini. Alikuja mwenyewe nyumbani kuieleza: mshahara wa mwezi, haijalishi mvua wala jua, sare wanatoa wao, ila mshipi ni wako mwenyewe, na uwe mweusi. Nafasi ingejazwa Jumatatu, kwa Chubwi au kwa mwingine.

Msusi aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Alitaka kujua mwisho wa mwezi utaleta nini. Alichoka kuishi kwa kusikiliza viatu mlangoni.

Usiku ule Chubwi alifikia uamuzi, akautamka polepole. Atajaribu mara moja zaidi, Jumapili, na mshipi unaofaa. Akimtoa samaki, atakuwa mtu wa mpishi, na habari ya geti isitajwe tena humu ndani. Asipomtoa, Jumatatu atakwenda kusimama kwa shemeji.

"Mpigie mdogo wako," alisema. "Simu yangu haisikiki. Mwambie aniletee mshipi. Mweusi, imara, usiovutika. Hata kama ni wa bei, achukue huo huo."

Fedha zilikuwa za msusi, alizokuwa akiweka ili anunue kiti cha kukalia wateja waache kukaa kwenye ndoo. Alizitoa. Alimpigia Pasi, akamwambia shemeji yako anaomba umletee mshipi Jumamosi, mweusi, imara, usiovutika, hata kama ni wa bei. Pasi akasema kwa furaha ambayo haikulingana na mtu anayeagizwa uzi wa samaki, "Kumbe. Haya dada, nimeelewa kabisa."

Alipokata simu ndipo msusi alipotambua Pasi ameelewa nini. Simu ilikuwa bado mkononi, ina moto wa sikio lake. Kumpigia tena na kuongeza neno moja tu lilikuwa jambo la dakika. Aliitazama, akaiweka juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo.

*

Jumamosi Pasi alifika mchana, suruali ina mstari wa kukatia karatasi. Msusi alikuwa na mteja, mshonaji wa nyumba ya tatu, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Chubwi alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi akisafisha gurudumu lake la mshipi, ambalo lilikuwa safi tangu jana.

Pasi alimwamkia, akampa mfuko kwa mikono miwili. Chubwi akautia mkono ndani kwa hamu, kisha mkono ukasimama humo humo. Akakitoa kilichomo. Ulikuwa mshipi wa kuvaa kiunoni, wa ngozi, mweusi, mpana, na bizimu yake ya chuma inang'aa. Akaugeuza upande wa pili, pengine akitarajia uzi umefichwa nyuma.

"Nini hiki?"

"Mshipi, shemeji. Ngozi halisi, hauvutiki. Yule muuzaji alining'inia nao mbele yangu, ukambeba."

Mshonaji akageuka na kichwa chake cha nusu. Alikuwa ameisikia hotuba ya mshipi wa kusukwa mara nyingi kama wateja wote. "Kwani samaki wa siku hizi wanavaa suruali?" aliuliza. Msusi alimrudisha kichwa mbele kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Hapo Pasi naye akaona kuna jambo haliko sawa. Alianza kujieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mabaya. Alidhani shemeji amekubali kazi. Si aliambiwa sare wanatoa, mshipi wake mwenyewe? Aliposikia anaagiza mshipi mweusi alifurahi, akaenda moja kwa moja kwa meneja kumwambia mtu amepatikana. Jina limeshaandikwa. Tena alishukuru Mungu, alisema, maana mara ya mwisho alipokuja alimwona shemeji amefunga suruali kwa kamba ya katani, akaona uchungu.

Hilo la kamba lingebaki moyoni mwake lingefaa zaidi. Chubwi alikuwa amekonda kwa mawazo, ni kweli, na suruali zake zilikuwa zimemkimbia kiuno. Lakini alidhani shati linaficha. Sasa akajua halifichi, na kwamba ndugu wa mkewe wanakaa huko mjini wakizungumza habari za kiuno chake. Aliuvuta upindo wa shati chini kwa mkono mmoja. Mshonaji, kwa heshima, akaanza kuangalia kucha zake.

"Mimi ni mvuvi," Chubwi alisema. "Nikisema mshipi, ni mshipi. Nyumba hii nzima inajua."

"Mimi sikai nyumba hii, shemeji."

"Aliyekupigia anakaa."

Wote wakamtazama msusi. Alikuwa na unywele mdomoni, ule wa kuongezea, na aliushika kwa meno makusudi ili asiweze kujibu. Aliendelea kusuka. Chubwi alimtazama kwa muda, kisha akageukia gurudumu lake. Kuurudisha mshipi haikuwezekana, kwa kuwa duka lingefungwa kabla Pasi hajafika, na kesho Jumapili.

Pasi aliondoka bila kunywa chai. Mlangoni alimnong'oneza dada yake kwamba asiaibishwe kwa meneja, tafadhali, na akamwuliza kwa nini hakusema tu wa kuvulia. Msusi alimwambia aangalie ngazi, ile ya pili imelegea.

*

Mshonaji alikuwa bado kwenye ndoo yake wakati Chubwi alipotoka chumbani na kila kipande cha nailoni alichokuwa nacho. Vilikuwa vipande virefu, vyembamba, salio la mishipi yote iliyomkatikia. Alivitandaza barazani, akavipapasa kimoja kimoja kwa ukucha akitafuta palipochubuka, akavigawa mafungu matatu. Halafu akasimama mbele ya mkewe.

"Wewe si msusi?" alisema. "Nisukie."

Haikuwa dua wala amri. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hana pa kwenda. Mshonaji aliwaangalia wote wawili, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kunyamaza, akasema yeye akishona turubai kwa uzi mgumu, uzi haukatiki, sindano ndiyo inayopinda. Na hiyo ndoana je, ina hali gani? Chubwi alimjibu kwamba ndoana ni chuma, dada, chuma hakina matatizo, tatizo ni mshipi.

Mteja alipoondoka, msusi alifunga ncha za nyuzi tatu kwenye kitasa cha mlango, akarudi nyuma hadi zikanyooka, akaanza. Nywele zina huruma, zinakubali mkono. Nailoni iliteleza na kukata. Kabla hajafika mbali vidole vyake vilikuwa na mistari myekundu, na Chubwi alikaa pembeni akimfungulia nyuzi zisishikane.

Alijua anachokifanya, na hapo ndipo palipomuuma. Msuko wa nyuzi tatu una siri moja tu: zote zikazwe sawa. Ukiuacha mmoja umelegea, kwa macho hauonekani, msuko unapendeza vilevile, lakini siku ya mzigo zile mbili zilizokaza zinabeba zenyewe, unakatika mmoja, kisha wa pili, kisha kazi imekwisha. Kidole kimoja tu akilegeze. Jumatatu mumewe angevaa mshipi wa ngozi, mwisho wa mwezi ungeleta kitu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Alijaribu. Aliulegeza uzi wa kati, akasuka urefu wa kiganja, akautazama. Ulikuwa msuko mbovu. Mteja angeulipia asijue, lakini yeye aliuona, na kuuona kulimkera kuliko alivyotarajia. Aliguna, akaufumua, akausuka upya, akaukaza sawasawa mpaka mwisho. Alijikasirikia. Hata kumharibia mume aliyemchosha namna hii hakuweza, kwa sababu ya vidole vyake.

Chubwi alipouvuta kati ya mikono yake miwili ulilia kidogo na kutulia. Alimtazama mkewe, akataka kusema kitu, akasema, "Ni mzuri." Kisha akaenda kuufunga kwenye gurudumu, na akafunga mbele yake ndoana ile ile ya siku zote.

*

Asubuhi ya Jumapili msusi alimpelekea chai ukingoni. Hakuwa na mazoea ya kwenda huko. Alijiambia anapeleka chai. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa nyumbani kusubiri viatu.

Alimkuta amekaa juu ya jiwe, ametulia, mshipi unaingia majini mbele yake bila pindi hata moja. Alimmiminia chai. Chubwi hakuwahi kuinywa. Mshipi ulisogea pembeni, taratibu, kama mtu anayevuta shuka usiku asimwamshe mwenzake, na Chubwi akasimama na kuuvuta.

Mkewe alikuwa ameishi na habari za samaki wakubwa miaka yote ya ndoa yake na hakuwahi kuamini nusu yake. Sasa aliona mumewe anaburutwa juu ya jiwe, visigino vinatafuta pa kushika. Mshipi ulipita kwenye kitambaa alichojifunga mkononi na kitambaa kikatoa sauti. Samaki alikimbilia visiki, kama alivyohubiriwa. Mshipi ulikaza juu ya mti fulani usioonekana, ukasugua, ukatetemeka, na haukukatika. Chubwi alirudi nyuma hatua, akapata urefu wa mkono, akaupoteza, akaupata tena. Kamba ya katani ikakatika, suruali ikaanza kushuka, na hakuwa na mkono wa kuishika.

Msusi akaiacha birika, akaja nyuma yake, akaishika suruali kwa mkono mmoja na mshipi kwa mkono wa pili. Alivuta. Vidole vyake vya jana viliungua, naye akavuta. Aliona kwamba anamtaka samaki yule. Anamtaka vibaya sana, kuliko geti, kuliko mwisho wa mwezi. Kichwa kikatokea juu ya maji, kipana, cheusi, na ndevu zake, kikawatazama au hakikuwatazama, nani ajuaye. "Taratibu," Chubwi alisema. "Taratibu, mama, huyu wetu."

Kisha uzito ukaondoka. Walianguka wote wawili chali juu ya mawe, yeye chini, mumewe juu yake.

Maji yalitulia upesi mno. Chubwi aliukusanya mshipi, mkono baada ya mkono, akisubiri kuifikia ncha iliyochubuka. Haikuwepo. Mshipi ulikuja wote, mzima, na mwisho wake ilikuwepo ndoana. Ilikuwa imenyooka. Kile kikombo kilichozoea kushika kilikuwa kimefunguka, chuma kimelala sawa kama msumari.

Chubwi aliiweka kiganjani na kuitazama kwa muda mrefu. Wiki zote zile, hotuba zote zile, fedha za kiti, nyembamba na nene na ya kusukwa, na ndoana ilikuwa pale pale ikisubiri zamu yake. Kisha akaupitisha mshipi katikati ya vidole, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Haukukatika," alisema.

"Haukukatika," mkewe akaitikia, na sauti yake ikamwangusha.

Walirudi nyumbani njia ndefu, ile isiyopita hotelini. Chubwi alishika suruali yake kwa mkono.

*

Alivua viatu mlangoni, kimoja, kimya, cha pili. Mkewe alikuwa naye upande huo huo wa mlango safari hii, na kimya kile, akikiona kwa karibu, kilikuwa ni mtu aliyesimama kwa mguu mmoja akijaribu kuukumbuka ule wa pili.

Ndani aliketi. Msusi alibaki amesimama. Alikuwa na neno, lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya simu, na aliona kwamba asipolitoa sasa litazeekea humo.

"Nilipompigia Pasi," alisema, "nilijua ameelewa vingine. Simu ilikuwa bado mkononi. Sikumpigia tena."

Chubwi hakuinua kichwa. "Najua. Nilikuwa hapa hapa. Nilikusikia unataja mweusi, unataja imara. Hukutaja samaki. Jana nilipoutia mkono mfukoni ndipo nikaunganisha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuona unaiweka simu juu ya kabati. Nikasema amechoka." Alisugua viganja vyake. "Na jana usiku nilikutazama unasuka. Kuna mahali uliulegeza."

Msusi alihisi uso unapata moto. Alitaka kusema aliufumua, lakini hakukuwa na haja, maana mshipi wenyewe ulikuwa juu ya meza, mzima, umekaza mwanzo hadi mwisho.

Nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu bovu. Hakukuwa na mtu wa kugombana naye humo ndani, na hilo lilimkera msusi kuliko ugomvi. Alitaka mumewe apige meza, ili naye apate pa kuanzia kulia.

"Nipe mshipi," Chubwi alisema.

"Upi?"

Alifikiri, kama kwamba swali lilikuwa gumu. "Wa kuvaa."

Mkewe aliutoa kwenye mfuko wake. Chubwi alisimama, akaupitisha kwenye vitanzi vya suruali kimoja kimoja, akavuta. Alifika tundu la mwisho na bado ungeweza kutia kichwa cha mtoto kati ya mshipi na tumbo lake. Pasi alikuwa amenunua kwa kiuno alichokikumbuka, kiuno cha zamani. Chubwi aliuachia, ukaning'inia.

Mkewe aliutazama, kisha akaitazama meza. Aliichukua ile ndoana, akaikata kwenye mshipi wa kusukwa kwa meno, akaenda jikoni. Alirudi ameishika kwa koleo, ncha imekuwa nyekundu. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akakaza ngozi kwa kidole kilichokatwakatwa, akapima kwa jicho mahali ambapo kiuno kipo sasa.

"Usipumue," alimwambia.

Ncha iliingia ikifuka moshi, ikatokea upande wa pili. Ilikuwa imenyooka vizuri kabisa, haikukwama popote. Msusi alipuliza lile tundu, akaingiza bizimu, ikashika. Alibaki amepiga magoti kwa kitambo, amelaza paji la uso juu ya bizimu, na Chubwi akaweka mkono juu ya nywele zake, ambazo hakuna mtu aliyezisuka muda mrefu.

"Saa ngapi getini?" aliuliza.

"Kumi na mbili," alimjibu. "Nitakuamsha."